Ugonjwa wa Mtepa

Ipo nchi moja inaitwa Shwarini. Msiniulize iko upande gani wa ramani, mimi nina watoto wanaosoma shule za serikali. Nitakachosema tu ni kwamba ni nchi njema kupita kiasi, na haijapata tatizo hata moja tangu Bunge lake lilipopitisha sheria ya kulifuta neno "tatizo" kwenye kamusi. Mvua ikikatika, wataalamu hutangaza kwamba jua limeongezeka. Daraja likianguka, mahali pale hufunguliwa upya kama kivuko cha kuogelea, na waziri hukata utepe akiwa amekunja suruali.

Katika nchi hiyo aliishi mwanajeshi mstaafu, Sajini Ezekia Mtepa, mtu wa miaka sitini na mitatu, mrefu, mkavu, mwenye masharubu aliyoyachana kila asubuhi kabla hajanywa chai. Mtaani walimwamkia kwa heshima. Yeye heshima ile ilimwasha mwilini, kwa sababu kulikuwa na jambo alilolifanya miaka ishirini na sita iliyopita ambalo hakupata kumwambia mtu, hata mkewe, aliyekufa bila kulijua.

Lakini nisikimbilie huko. Kwanza mapipa.

Mapipa mia tisa yaliingia Shwarini kama msaada. Nchi rafiki iliyoyatoa ilisema inayapenda sana ila haina mahali pa kuyaweka, ikatoa na sharti moja dogo, kwamba yasirudi. Rais wa wakati huo alilia kwa furaha bandarini. Yalikuwa yameandikwa kwa lugha asiyoijua mtu, na kila moja lilichorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili. Serikali haikulala. Iliunda tume kuchunguza mchoro ule, na baada ya miezi minne ya vikao na posho tume ikaripoti kwamba ile ni picha ya mwenye kiwanda, iliyochorwa wakati amekonda.

Mapipa yakaanza kuvuja. Pale yalipovujia, nyasi ziligoma kuota. Basi yakapelekwa kambi ya Kizimbwe yakachomwe moto, na kombania nzima ya vijana ikachimba shimo, ikawasha, ikachochea kwa miezi kumi na mmoja. Moshi wake ulikuwa wa kijani, rangi ya ndizi mbichi. Ndege walihama juma la kwanza. Mbwa wa lindo waliondoka juma la pili bila ruhusa, wakaandikwa watoro. Vijana hawakuwa na pa kuhamia, wakabaki na vitambaa puani. Serikali iliuita moshi ule Mvuke wa Kizalendo, na watoto wa shule wakatungiwa wimbo wake wa kuimba mstarini.

Miaka ishirini na sita baadaye, kombania ile ilikuwa imebaki watu kumi na wanne. Wenzao walikuwa wamekufa kwa magonjwa ambayo Shwarini haina. Ndiyo, haina, kwa sababu kuna Kitabu cha Magonjwa Yanayotambuliwa na Taifa, na ugonjwa usiomo kitabuni si ugonjwa, ni tabia ya mtu. Mapafu ya watu wa Kizimbwe hayakuwamo.

Aliyekuwa na hali mbaya kuliko wote ni Koplo Filemoni Chitete. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja alipokuwa Kizimbwe, na sasa, wa arobaini na saba, alikuwa akisema maneno matatu kisha anapumzika kama mtu aliyepanda ngazi. Mkewe, Asteria, fundi cherehani, alikuwa akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kila Alhamisi hadi Hospitali Kuu. Huko muuguzi mmoja mwenye huruma alimvutisha hewa ya mtungi kwa saa moja, akamwandika daftarini kuwa ni mgeni aliyeingia kupumzika. Daktari hakumficha Asteria. Mumewe akipata hewa kila siku pamoja na dawa, ataishi. Kwa hii ya Alhamisi kwa Alhamisi, mwaka ujao hauoni. Na kumpa ya kila siku hairuhusiwi mpaka ugonjwa wake uingie kitabuni, na kitabu hicho hufunguliwa na Bunge peke yake.

Hivyo wale kumi na wanne wakaunda umoja wao wa kulibembeleza Bunge, na siku ya kuchagua msemaji hawakuhangaika. Walimtazama Sajini Mtepa.

"Tafuteni mwingine," alisema Sajini. "Mimi si msemaji."

"Shemeji," Asteria akamwambia, "wewe ndiye uliyekuwa nao kutwa kucha. Mwingine atasema nini ambacho wewe hukijui?"

Sajini alikubali kwa sababu kukataa zaidi kungezaa maswali.

Kabla ya kulifikia Bunge walikuwa wameshapita Idara ya Stahili za Mashujaa, na huko walipigwa danadana miaka miwili. Idara haikuwa na ubaya nao, ilitaka tu vielelezo vitatu. Cha kwanza, sampuli ya moshi wenyewe, wa siku ya tukio, ndani ya chupa iliyozibwa. Cha pili, barua ya mkuu wa kambi kuthibitisha kwamba moshi uliingia pua ya mwombaji na si pua ya jirani yake. Cha tatu, mashahidi wawili waliokaa ndani ya moshi huo na hawakudhurika. Mzee mmoja wa kombania, kwa kukata tamaa, alipeleka chupa iliyozibwa kwa kizibo. Ofisa akaizibua, akanusa, akasema haina kitu, kisha akamfungulia mashitaka ya kuharibu ushahidi. Kesi inaendelea mpaka leo.

Umoja ulipoliandikia Bunge, ikaja barua. Kamati ya Bunge ya Mashujaa, Makaburi na Burudani ingewasikiliza. Walifurahi, wengine walikumbatiana, na Asteria alipiga kigelegele kimoja kifupi akaziba mdomo. Sajini aliisoma barua hadi chini kwenye jina la mwenyekiti, na furaha ikamkauka. Mheshimiwa Brigedia mstaafu Pankrasi Lutego.

Miaka ile ya Kizimbwe Lutego alikuwa Kapteni, mkuu wa kambi. Alikaa juu ya kilima, upande unakotoka upepo, na kuteremsha amri kwa redio. Spika alimpa kamati hii kwa sababu anaifahamu mada kwa ukaribu, ingawa si ukaribu wa kukohoa.

"Una nini, shemeji?" Asteria aliuliza.

"Macho tu," akajibu Sajini. "Miwani imechoka."

*

Siku ya kikao Sajini alipiga pasi suruali yake mara tatu. Wenzake nao walikuja na sare zao za zamani, zingine zikiwapwaya, wakaketi safu mbili mbele ya waheshimiwa. Koplo Chitete aliwekwa mwisho wa safu na kiti chake. Asteria alipelekwa roshani ya wageni huko juu.

Katibu wa Kamati, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, aliwasomea kanuni. Ndani ya ukumbi kikohozi ni mchango. Anayetaka kukohoa anyooshe mkono, ataandikwa, na atapewa dakika moja zamu yake ikifika. Atakayekohoa bila kibali atakuwa ameingilia mjadala na atatolewa nje. Kumi na wanne wale, waliokuja kuonyesha vifua vyao, wakaanza kuvibana. Chitete alinyoosha mkono mapema kabisa. Akaandikwa mchangiaji wa sita. Zamu yake ilipofika kikohozi kilikuwa kimeshamezwa kwa machozi, na dakika yake ikaisha hivihivi.

Mheshimiwa Lutego alisimama. Alikuwa amenenepa vizuri, uso unang'aa, na pumzi anazo za kutosha na kubaki.

"Ndugu mashujaa," alisema, "upendo wa nchi hii kwenu ni wa kiwango cha lami. Tumewajengea sanamu tatu, na ya nne iko kwenye mchakato. Nawaomba mjifunze kwa sanamu hizo. Zimesimama juani na mvuani, usiku na mchana, je, kuna hata moja iliyowahi kulalamika?"

Waheshimiwa wakapiga meza. Mmoja aliyekuwa amesinzia alizinduka, akapiga meza, akaunga mkono hoja, akarudia usingizi wake.

Kisha Lutego akawatazama wale wazee katika sare zao, na ama alikumbuka ujana wake, ama alijua sana alifanyalo. Mimi ni msimulizi tu, siingii moyoni mwa mheshimiwa bila kibali. Alijaza kifua akapaza sauti.

"Kombania! Mguu... sawa!"

Jozi kumi na nne za visigino zikagonga sakafu kwa pamoja. Hata Chitete alijikuta amesimama, ameachia kiti, mikono imenyooka ubavuni.

"Hali zenu, askari?"

"Njema kabisa, afande!"

Salale! Ukumbi ulitikisika. Ilikuwa sauti ya kambi, ya alfajiri ya Kizimbwe, ambako swali lile liliulizwa kila siku ya Mungu na lilikuwa na jibu moja tu. Jibu lilitoka kabla mtu hajalifikiria. Na aliyetangulia, aliyewavuta wenzake wote kwa sauti yake, alikuwa Sajini Ezekia Mtepa.

Chitete alianguka kitini, midomo imekuwa ya bluu. Lakini waheshimiwa hawakuangalia upande ule, walikuwa wanapiga meza. Mheshimiwa mmoja aliomba mwongozo, akasema watu wenye sauti kama ile warudishwe jeshini mara moja, taifa linawahitaji. Katika Kumbukumbu Rasmi za Bunge imeandikwa, na nimeisoma kwa macho yangu: "Waathirika: Njema kabisa. (Makofi.)"

"Mmewasikia wenyewe," alisema Lutego, akakunja mafaili. "Nani tena wa kubishana na mgonjwa kuhusu afya yake?"

Nje, kwenye ngazi za Bunge, wale wazee walikohoa vikohozi vyote walivyovibana, mpaka walinzi wakasogea mbali. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Ilikuwa kama watu wazima waliokojoa kitandani wageni wakiwa wamelala chumba kimoja nao. Asteria aliteremka mbio, akampepea mumewe kwa kanga, kisha akamgeukia Sajini.

"Shemeji, nini kile?"

"Mazoea," Sajini akasema. "Mazoea ya jeshini."

"Nani aliwazoesha?"

Sajini alitazama viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa, alivipaka rangi asubuhi ile kwa ajili ya kikao. Alitamani ardhi ipasuke immeze palepale pamoja na viatu vyake.

*

Nani aliwazoesha. Haya, niliseme, maana yeye peke yake asingelisema.

Mwezi wa pili wa kuchoma mapipa, asubuhi moja, Sajini aliuliza gwarideni hali zao, na katikati ya "njema" zote kijana mmoja akajibu, "Kifua kinaniuma, afande." Kijana huyo alikuwa Filemoni Chitete. Sajini alikwenda redioni kumwuliza Kapteni afanye nini. Kapteni alikuwa anakunywa chai, kijiko kilisikika. Akasema atakayejibu kwamba anaumwa azungushwe shimo mpaka apone.

Sajini akamzungusha. Shimo lilikuwa linawaka, moshi wa kijani umelala chini siku ile, na kijana alikimbia ndani yake hata miguu haionekani. Kila mzunguko Sajini alimwuliza hali yake. Mzunguko wa kwanza kifua kinauma. Wa nne kifua kinauma. Wa sita alitapika, akakimbia tena. Mzunguko wa tisa akapiga kelele, "Njema kabisa, afande!" huku analia, na kombania nzima ikitazama. Tangu siku hiyo hakuna aliyeumwa Kizimbwe. Ndipo alipopandishwa daraja kuwa Sajini, akashangilia, akanunua redio.

Katika maombi yote aliyoyaandika kwa niaba ya wenzake, hakuna mahali alipoandika habari hiyo. Aliandika "tulidhurika", "tulitumika", "tuliachwa". Alijificha ndani ya neno "sisi" na humo akakaa raha mustarehe.

Siku ya tatu baada ya kikao, Katibu wa Kamati alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Baba, kuna kanuni moja," alisema kwa sauti ya chini. "Jibu lililoingia kwenye Kumbukumbu linaweza kufutwa ndani ya siku saba. Aliyewafundisha watu jibu hilo aje mbele ya Kamati, akiri alivyowafundisha. Haijawahi kutumika. Unajua hapa kwetu hakuna aliyewahi kukiri kitu, hata fomu yake ilibidi niipanguse vumbi."

"Na asipopatikana?"

"Basi mtaendelea kuwa wazima. Yule mgonjwa wenu pia."

Sajini alikwenda moja kwa moja kwa akina Chitete. Asteria alikuwa sokoni kununua uzi. Koplo alikuwa amelala ubavu, mito mitatu mgongoni, na kila pumzi ilipiga mluzi. Sajini alikaa kwenye kigoda cha cherehani, akazungusha kofia mikononi.

"Filemoni, Asteria anajua?"

Koplo akatikisa kichwa kukataa.

"Miaka yote hii hukumwambia?"

"Angekuchukia wewe," alisema Koplo. Akapumzika. "Nami nakuhitaji."

Sajini aliangua kilio, mtu mzima na masharubu yake, mpaka kofia ikalowa. Akaeleza habari ya kanuni. Akasema atakwenda lakini anaogopa, anaona haya, atamtazamaje yule mwanamke akiwa pale juu kwenye roshani. Koplo alimwacha amalize.

"Sema, Sajini," alisema. "Nipumue kidogo."

*

Kikao cha pili kilijaa hadi milangoni, kwa kuwa ilitangazwa redioni kwamba mtu atakiri, na wananchi wa Shwarini walitaka kuona inavyokuwa. Wengine walikuja na karanga.

Sajini alisema yote. Alisema habari ya gwaride, ya kijana aliyeumwa kifua, mizunguko tisa, matapishi, kilio. Alisema kwamba watu hawa hawakujibu siku ile kwa sababu ni wazima, walijibu kwa sababu yeye aliwatia hofu ambayo haijawatoka. Hakuinua macho kwenye roshani. Hakuhitaji, alimsikia Asteria alipovuta pumzi na kutoitoa.

Mheshimiwa Lutego aliegemea mbele.

"Ahsante kwa uungwana wako, Sajini. Kwa kumbukumbu tu, kuna mtu yeyote aliyekuamuru?"

Sajini aliinua uso. Walitazamana, yeye na Kapteni wake. Alikuwa amekuja na jibu. Alilifanyia mazoezi nyumbani mbele ya kioo, jina na cheo. Lakini magoti yake yalijikaza yenyewe, visigino vikakutana, na alijisikia anasema:

"Hakuna, afande."

Loo! Ningependa kuwaambia alisema vingine. Alikuja kutapika sumu yote akatapika nusu, na nusu iliyobaki aliimeza mbele ya watu kwa heshima zote.

Furaha ya Kamati haikuwa na kifani. Kwa miaka ishirini na sita serikali ilikuwa ikitafuta chanzo, na sasa chanzo kimekuja kwa miguu yake, tena kimepiga pasi. Azimio lilipitishwa kabla ya chakula cha mchana. Ugonjwa ukatambuliwa rasmi na kuingizwa kitabuni kwa jina la Ugonjwa wa Mtepa, yaani maradhi ya mapafu yasababishwayo na Sajini E. Mtepa. Moshi ulisafishwa jina, ukaombwa radhi kwa maandishi. Nchi rafiki iliandikiwa barua ya kushukuriwa na kuulizwa kama ina mapipa mengine.

Waheshimiwa walipokuwa wanatoka, Lutego alimpiga Sajini begani. "Askari ni askari," akamwambia. Sajini alisikia mkono ule begani siku nzima.

*

Basi dawa zikapatikana, tusiwanyime haki yao. Hospitali Kuu ilitundika kibao, WAGONJWA WA MTEPA DIRISHA LA TISA, na Koplo Chitete akawa anavuta hewa ya mtungi kila siku. Wauguzi walipokezana zamu wakiulizana, "Una Mtepa wangapi leo?" Watoto wa shule walitungiwa wimbo mpya. Mtaani, waliokuwa wakimwamkia Sajini sasa walivuka barabara wakiziba pua, na mama mmoja alimrudishia kikombe cha sukari alichokuwa ameazima kwake, akakiweka mlangoni bila kubisha hodi.

Sajini mwenyewe kifua kilianza kumbana. Alikwenda dirisha la tisa, akapanga foleni kama watu. Muuguzi aliangalia jina lake, akaangalia kitabu, akamrudishia cheti.

"Wewe huhusiki hapa, baba. Wewe si mgonjwa. Wewe ni chanzo."

Hakubisha. Aliona ni sawa, na jambo hilo lilimtisha.

Kwa akina Chitete hakukanyaga tena. Asteria hakumwita, naye hakuwa na uso wa kwenda. Alikuwa akipita hospitali mchana, anasimama ng'ambo ya barabara karibu na wauza matunda, anaangalia dirisha ambalo alidhani ndilo. Mwezi wa nne wa matibabu, Koplo akafa. Daktari alieleza kwamba mapafu yalishaliwa. Kama hewa ile ingeanza miaka miwili nyuma, angekuwa mzima anatembea. Miaka miwili nyuma ndiyo walipokuwa wanatafuta moshi wa kutia kwenye chupa.

*

Sheria ya Shwarini inasema cheti cha kifo kitokanacho na Ugonjwa wa Mtepa hakitolewi mpaka chanzo chenyewe kiitwe kithibitishe. Sajini akaitwa ofisi ya vizazi na vifo, saa nne asubuhi. Asteria alikuwa ameshafika, amejifunga kanga nyeusi, amesimama kaunta na mkoba wake wa kushonea begani. Hawakusalimiana. Karani, kijana mtanashati, alikisukuma cheti mbele yao.

"Jina la marehemu, Filemoni Chitete. Umri, arobaini na saba. Sababu ya kifo, Mtepa. Mzee, soma. Kama hakuna kosa, weka saini."

Sajini alisoma. Alirudia kusoma. Alitafuta kosa kwa moyo wake wote, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka, na hakuliona. Akachukua kalamu.

"Subiri, shemeji," alisema Asteria.

Neno lile lilimchoma. Alikuwa ametegemea matusi, angalau matusi angeyapokea.

"Jina lako hapo ni haki yako," Asteria akaendelea. "Sijakusamehe, na usinisukume. Lakini siku ile mimi nilikaa roshani, naona vizuri. Ulipokuwa unasema ya Filemoni ulikuwa unatazama chini muda wote. Ulipoulizwa nani alikuamuru, hukutazama chini. Ulimtazama yeye."

Sajini aliiondoa kalamu juu ya cheti.

"Nilikuwa namngojea Filemoni aniambie, akafa. Nimekungojea wewe uje msibani uniambie, hukuja. Sasa hapa hakuna Bunge wala mguu sawa. Nimwandike nani juu yako?"

"Mama," karani akaingilia, "huo si utaratibu."

Watu waliokuwa kwenye foleni nyuma yao walikuwa wanawatazama. Sajini alijisikia uchi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, rafiki yake yuko kaburini, na bado alikuwa anamwogopa mtu aliyekuwa anakunywa chai juu ya kilima.

"Pankrasi Lutego," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ya kukwaruza. "Wakati ule alikuwa Kapteni. Nilimwuliza, akasema nimzungushe. Nilimsikia mwenyewe. Na siku ile nilidanganya."

Karani alidondosha mhuri. Asteria aliichukua kalamu mkononi mwa Sajini, akainamia cheti.

"Mama, nafasi ya sababu ni moja tu!" karani akalia. "Imeshajaa!"

"Nitabana," alisema Asteria, na akaandika, herufi ndogondogo zilizonyooka, mkono wa mtu aliyezoea kupitisha uzi penye nafasi finyu. Alipomaliza alipuliza wino, akainua kichwa.

"Na yeye nani alimwamuru?"

"Sijui," Sajini akasema. "Wallahi, hilo sijui."

Asteria alikunja cheti mara mbili, akakitia mkobani, hakungoja mhuri.

"Basi twende tukamwulize," alisema, akatangulia mlangoni. Sajini akamfuata kwa nyuma, hatua tatu, kwa sababu aliona haya kutembea sambamba naye.